Kiungo S-10L: jinsi gundi iliyoachia ilivyofungua paa la ndege ya Aloha 243

Tarehe 28 Aprili 1988, saa saba na dakika 25 mchana, Boeing 737-200 ya shirika la Aloha Airlines iliondoka Hilo kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Ilikuwa na abiria 89, marubani na wahudumu watano, pamoja na mwongozaji mmoja wa safari za anga aliyeketi kiti cha ziada katika chumba cha marubani. Dakika ishirini hivi baadaye, ndege ilipofika kimo cha futi 24,000, sehemu ya juu ya mwili wake yenye urefu wa takriban mita 5.5, kuanzia nyuma ya mlango wa mbele, iliraruka na kupeperuka. Mhudumu Clarabelle Lansing alikuwa amesimama kwenye ujia akiwahudumia abiria. Alivutwa nje, na mwili wake haukupatikana kamwe. Wengine wanane waliumia vibaya.

Nahodha Robert Schornstheimer aligeuka nyuma akaona anga la buluu mahali palipokuwa na dari ya daraja la kwanza. Yeye na rubani mwenzake, Madeline Tompkins, waliishusha ndege Kahului, kisiwani Maui, baada ya dakika kama 13, injini ya kushoto ikiwa imezimika na sakafu na sehemu iliyo chini yake ndizo zilizobaki zikiunganisha pua na mkia. Watu 94 walishuka wakiwa hai.

Kisa hiki hukumbukwa kama kisa cha ndege kuukuu iliyojaa nyufa. Nyufa zilikuwepo kweli. Lakini zilikuja mwishoni mwa hadithi iliyoanza karibu miaka ishirini nyuma, kiwandani, pale mabati mawili yalipobandikwa pamoja kwa gundi. Ukianzia kwenye nyufa utamlaumu mkaguzi peke yake. Ukianzia kwenye gundi utaona mambo mengine.

Kwanza tukitazame kiungo chenyewe. Ganda la 737 limeundwa kwa mabati ya alumini ya aina ya 2024-T3. Kwenye ndege hii bati lilikuwa na unene wa inchi 0.036, yaani milimita 0.9 tu. Kwa ndani bati hilo linashikiliwa na pete zinazozunguka mwili na mapao marefu yanayotoka mbele hadi nyuma. Pale bati la juu linapokutana na la chini, la juu hulipanda la chini kwa upana wa inchi tatu hivi, sawa na milimita 76, na mstari huo hukimbia kwa urefu juu ya pao. Mapao huhesabiwa kuanzia kileleni kushuka chini, kwa hiyo S-10L ni kiungo kilicho kwenye pao la kumi, upande wa kushoto. Ndani ya upana ule kulikuwa na safu tatu za ribiti, yaani pini za metali zinazofunga mabati pamoja, na kati ya bati na bati kulikuwa na kitambaa chembamba kilichofumwa na kulowekwa epoksi, ambayo ndiyo gundi yenyewe, kikiganda kwa joto la kawaida bila kupikwa kwenye tanuri.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoonyesha gundi ile ilikuwa na kazi gani. Mwili wa 737 una upana wa mita 3.76. Ndege ikiwa juu, shinikizo la ndani hulizidi la nje kwa paundi 7.5 kwa kila inchi ya mraba, karibu kilopaskali 52. Zidisha shinikizo hilo kwa nusu ya upana, nawe utapata mvutano wa takriban kilonewtoni 97 kwa kila mita ya kiungo. Huo ni mzigo wa karibu tani kumi, unaovuta mabati mawili yenye unene chini ya milimita moja yaachane, kila safari. Gawanya kwa unene wa bati na mkazo unafika karibu megapaskali 107. Pete na mapao huchukua sehemu yake, kwa hiyo hesabu hii ni ya juujuu, ila haipotoshi.

Tugawanye mzigo uleule kwa upana wa milimita 76 za gundi. Inatoka wastani wa megapaskali 1.3 tu za mkazo wa kukatana, yaani wa mabati kuteleza moja juu ya jingine. Epoksi nzuri ya kuundia ndege huhimili makumi ya megapaskali. Hata tukikumbuka kwamba gundi haibebi mzigo sawasawa, kwamba kingo mbili za kiungo huelemewa zaidi na katikati hupumzika, jambo ambalo mtafiti Volkersen alilionyesha kwa hesabu mwaka 1938, bado nafasi ya usalama ni kubwa mno. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Gundi hii haikuzidiwa na mzigo. Ingekuwa nzima, ingeendelea kubeba tani zile kumi kwa miaka mingi bila kuhangaika. Ilichokosa ni mshiko wa kudumu kwenye uso wa alumini.

Gundi haishiki alumini yenyewe. Inashika ngozi ya oksidi, tabaka jembamba linalotokea alumini inapokutana na oksijeni, iliyoota juu yake. Ngozi hiyo ikiwa imetayarishwa vizuri, ina vinyweleo ambamo gundi huingia na kung'ang'ania. Isipotayarishwa vizuri bado itashika, na hapa ndipo ulipo mtego: kipande cha majaribio kilichobandikwa jana kitavunjika kwa nguvu kubwa ileile, uwe umetayarisha uso vizuri au vibaya. Tofauti huonekana maji yanapopenya. Maji huigeuza oksidi kuwa hidroksidi dhaifu, inayobanduka kutoka kwenye metali iliyo chini yake, na mbandiko unaachia hatua kwa hatua kuanzia ukingoni kwenda ndani. Fundi aliyewahi kubandua kiungo kilichokufa anaijua alama yake. Gundi ikibaki pande zote mbili, basi gundi yenyewe ndiyo iliyochanika. Upande mmoja ukiwa bati tupu linalong'aa, kilichokufa ni mshiko.

Mbandiko baridi wa 737 za mwanzo ulikuwa na udhaifu wa aina hiyo, na ukaongezewa mwingine wa karakana. Kitambaa chenye epoksi kilipaswa kuhifadhiwa kwenye baridi kali hadi dakika ya kutumiwa. Kikitolewa na kukaa nje muda mrefu, epoksi huanza kuganda kabla ya kubandikwa. Kikitolewa kikiwa bado baridi, umande hukifunika, nao unyevu huo unafungiwa ndani ya kiungo kwa maisha yote ya ndege. Ni vigumu kuwazia kazi inayomtegemea fundi zaidi ya hiyo: kuchelewa kidogo ni kosa, kuharakisha ni kosa, na ndege iliyokamilika haionyeshi lolote. Boeing iliiacha njia hiyo kuanzia ndege ya 292 kwenye mstari wa uzalishaji, ikaweka ziba la kuzuia maji mahali pa mbandiko pamoja na kuongeza unene wa bati kwenye kiungo. Ndege yetu ilikuwa ya 152.

Mbandiko unapoachia, mzigo hauendi popote. Unahamia kwenye ribiti. Mtu anaweza kusema, basi ndiyo maana ribiti ziliwekwa, zishike gundi ikishindwa. Ziliwekwa kweli, na kwa nguvu ya mara moja zilitosha. Kwa uchovu, yaani metali kupasuka polepole kwa kubebeshwa mzigo na kupumzishwa tena na tena, hazikutosha, na sababu iko kwenye umbo la tundu. Vichwa vya ribiti hizi vilizamishwa ndani ya bati ili uso wa nje uwe laini kwa upepo. Kwenye bati la milimita 0.9, tundu la kuzamishia kichwa lilikula unene wote, na sehemu ya chini ya tundu ikabaki na ukingo mwembamba kama makali ya kisu. Gundi ikiwa hai, ukingo huo hauna madhara kwa sababu mzigo mwingi hupita pembeni yake, umetandazwa kwenye eneo lote. Gundi ikifa, mzigo unakusanyika kwenye kila tundu, na makali yale ndiyo yanayoupokea.

Wala hautawanyiki sawa kwenye safu tatu. Bati la nje ndilo linaloshuka kutoka juu, kwa hiyo kwenye safu ya juu ya ribiti bado limebeba mzigo wote, halijamkabidhi mwenzake chochote. Halafu mabati mawili yaliyopandana hayavutani kwenye mstari mmoja: kila yanapovutwa hupinda kidogo yakitafuta kunyooka, jambo lililopigiwa hesabu na watafiti Goland na Reissner mwaka 1944, na mpindo huo huongeza mkazo palepale. Yakusanye yote matatu, makali ya kisu, mzigo kamili na mpindo, na yote yanaangukia safu ya juu ya bati la nje. Ndipo nyufa zilipoanza.

Na zilikuwa na muda wa kutosha. Uchovu wa metali haujali ndege imeruka saa ngapi, hujali ni mara ngapi mwili umejazwa hewa na kupumuliwa. Ndege hii ilikuwa imeruka saa 35,496, ilhali imepaa na kutua mara 89,680. Wastani wake ni dakika 24 kwa safari. Lengo la kiuchumi la usanifu wa 737 lilikuwa miaka 20, saa 51,000 na safari 75,000. Kwa miaka ilikuwa bado ina mwaka mmoja, kwa saa bado mbali, kwa safari ilikuwa imepita kwa zaidi ya 14,000. Ni 737 moja tu duniani iliyokuwa na safari nyingi kuliko yake. Wachunguzi walikiri kwamba nyingi ya safari hizo fupi hazikufikia shinikizo kamili, kwa hiyo zisihesabiwe zote kwa uzito mmoja. Hata hivyo hewa ya bahari, yenye chumvi, haikupumzika kati ya safari na safari. Kutu ya alumini hudai nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo ikiota kati ya mabati mawili huyasukuma yaachane na kuyafanya yavimbe kama mto katikati ya ribiti na ribiti. Uvimbe huo ni mzigo wa kudumu, hata ndege ikiwa imeegeshwa.

Wasanifu walikuwa wamefikiria ufa. Kwenye ngozi kulikuwa na mikanda ya kuzuia ufa, mmoja kila inchi kumi. Wazo lilikuwa kwamba ufa ukikimbia kwa urefu wa mwili utafika kwenye mkanda, ugeuke pembeni, bati lifunguke kama ulimi, hewa itoke taratibu na ndege itue. Walilijaribu kwa kupasua mwili uliojazwa shinikizo kwa visu vikubwa, na ulimi ulifunguka kama ilivyotarajiwa. Sehemu ya mwili pia ilijazwa na kupumuliwa mara 150,000, mara mbili ya maisha yaliyolengwa, bila nyufa za uchovu. Majaribio yote mawili yalikuwa ya kweli na ya haki. Tatizo ni kwamba kisu kilipasua ufa mmoja kwenye bati lililo zima mbele na nyuma yake, na zile mara 150,000 zilifanyika kwenye mbandiko mpya, mkavu, usio na kutu. Hakuna jaribio lililouliza itakuwaje gundi ikiwa haipo.

Gundi isipokuwepo, matundu yote ya safu moja yanapitia mkazo uleule kwa idadi ileile ya safari, na yanapasuka kwa pamoja. Kila tundu linatoa vijiufa viwili, kushoto na kulia, kila kimoja kifupi kiasi cha kufichwa na kichwa cha ribiti au rangi. Kimoja kimoja hakitishi. Lakini bati lililobaki kati ya tundu na tundu linapungua kila siku, mpaka safari moja vijiufa vinaungana mfululizo, kama vitobo vya karatasi ya stempu. Ufa wa namna hiyo ukifika kwenye mkanda haugeuki, kwa sababu ng'ambo ya mkanda kuna nyufa nyingine zinazousubiri. Tena mikanda yenyewe ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na baadhi ilikuwa imeachia. Kinga ya pili ilikuwa imeegemea nguzo ileile ya kinga ya kwanza. Katika kisa chote hiki hakuna kinachonisumbua kuliko hilo.

Kipande kilichoruka kilianguka baharini na hakikupatikana, kwa hiyo Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilibidi ijenge hoja kutokana na kilichobaki. Kwenye viungo vilivyosalia ilikuta mbandiko ulioachia, kutu, na nyufa za uchovu kwenye tundu baada ya tundu. Kulikuwa na ushahidi mwingine, mzito kwa namna yake. Abiria mmoja alikumbuka kwamba wakati wa kupanda aliona ufa wa mlalo kwenye ganda, kwenye safu ya juu ya ribiti za S-10L, karibu na mlango. Hakumwambia mtu. Sioni haki ya kumlaumu. Abiria gani angedhani ameona jambo ambalo wataalamu wa karakana hawakuliona?

Karakana ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya hukumu. Ripoti ya Juni 1989 ilitaja kama sababu kushindwa kwa mpango wa matengenezo wa Aloha kugundua mbandiko ulioachia na madhara ya uchovu. Shirika lilikuwa na ratiba ya ukaguzi mkubwa kila saa 15,000, kali kuliko saa 20,000 alizopendekeza mtengenezaji. Kwa saa walikuwa waangalifu. Kwa safari, ambazo ndizo kipimo cha uchovu, walichelewa. Ukaguzi huo tena uligawanywa vipande 52 vilivyotawanywa kwa miaka minane, hivi kwamba hakuna siku ambayo mtu mmoja aliiona ndege nzima imefunuliwa. Kazi yenyewe ilifanyika usiku, ribiti baada ya ribiti, maelfu kwa maelfu, mkaguzi akitafuta kitu ambacho mara nyingi hakipo. Mtu yeyote aliyewahi kukagua kitu kimoja kwa saa sita mfululizo anajua jicho hufika mahali likawa linatazama bila kuona.

Lakini NTSB haikuishia hapo, na ilifanya vyema. Matatizo ya mbandiko baridi yalijulikana tangu mwaka 1970, Boeing ilipotoa taarifa yake ya kwanza ya kiufundi kuhusu kuziba viungo hivyo. Mwaka 1972 ilifuata nyingine, ya kutu na matengenezo. Agosti 1987 hiyo ilipandishwa hadhi kuwa taarifa ya tahadhari, ikitaka viungo vyote vya namna hii vikaguliwe. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipoigeuza kuwa amri ya kisheria mwaka huohuo, ililazimisha viungo vya S-4 tu, kushoto na kulia. Novemba 1987 Aloha ilikagua S-4 kwenye ndege hii, ikakuta nyufa na kuzitengeneza. S-10L haikuwa kwenye amri. Wachunguzi waliandika pia kwamba hapakuwa na suluhisho la mwisho, lililotungwa na Boeing au kulazimishwa na FAA, la kuufunga mjadala wa kiungo hiki moja kwa moja badala ya kuendelea kukichungulia.

Hukumu yangu ni kwamba hapo ndipo penye kiini. Taarifa zote zile zilishughulika na kutu na nyufa, vitu vinavyoonekana. Gundi iliyoachia ilichukuliwa kuwa chanzo cha kutu, jambo la usafi wa kiungo, kumbe ilikuwa ni kubadilika kwa muundo wenyewe. Kiungo kisicho na gundi hakikuwa kiungo kilichopitishwa na majaribio ya mara 150,000. Kilikuwa kiungo kingine, chembamba, chenye makali ya kisu kwenye kila tundu, na hakuna aliyewahi kukijaribu. Siku gundi ilipoachia, saa ya uchovu ilianza kuhesabu upya kwa kasi nyingine, nayo haikuandikwa kwenye daftari lolote la matengenezo.

Teknolojia ya kubandika ilikuwa tayari imesonga mbele kabla ya ajali. Kampuni ya Fokker ya Uholanzi ilikuwa imeiunda ndege ya F27 kwa kubandika sehemu nyingi, kwa gundi ya Redux iliyopikwa kwa joto na shinikizo. Marekani, katika miaka ya 1970, Boeing iliendeleza utayarishaji wa uso kwa umeme ndani ya asidi ya fosfori, unaootesha oksidi yenye vinyweleo inayostahimili maji, juu yake ikapakwa rangi ya msingi yenye kromati. Kuanzia 1975 Jeshi la Anga la Marekani pamoja na Douglas waliendesha mradi wa PABST, uliojenga na kujaribu sehemu ya mwili wa ndege, kwa ukubwa halisi, iliyobandikwa. Likaenea pia jaribio dogo ninalolipenda kwa unyofu wake: vipande viwili vya alumini hubandikwa, kabari husukumwa kati yao, kisha huachwa kwenye joto na unyevunyevu. Uso mbaya hufichuka ndani ya saa chache, kwa sababu ufa hukimbia kwenye mshiko, wakati jaribio la kuvuta tu lingesema vipande vyote ni sawa. Maarifa hayo yaliwafaa waliokuwa wakiunda ndege mpya. 737 za mwanzo ziliendelea kupaa na mbandiko wao wa zamani.

Baada ya Maui mambo yalikwenda haraka. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya utafiti wa usalama wa anga mwaka huohuo wa 1988, na kituo cha kuhakiki mbinu za ukaguzi wa ndege zinazozeeka kikaanzishwa na FAA kwenye maabara ya Sandia, Albuquerque, mwaka 1991. Mwaka 2010 FAA ilitoa kanuni inayowataka watengenezaji wa ndege kubwa za abiria kutaja kikomo cha safari au saa ambacho ushahidi wao wa uchovu unakifikia, na ndege isiruke kupita hapo.

Kuhusu gundi yenyewe, waraka wa FAA wa mwaka 2009 juu ya miundo ya komposita, yaani nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi, AC 20-107B, unampa msanifu njia tatu kwa kiungo ambacho kuachia kwake kungeangusha ndege. Aweke vizuizi, kama vile ribiti, ili ukubwa wa sehemu inayoweza kuachia uwe na mpaka na kilichobaki kitoshe kubeba mzigo. Au kila kiungo kinachotoka kiwandani kivutwe hadi mzigo wa juu wa usanifu kabla ya kuruka. Au kiwepo kipimo cha kuaminika kinachothibitisha nguvu ya kila kiungo bila kukivunja. Mawimbi ya sauti huona pengo, huona hewa, huona gundi isiyofika mahali. Lakini mabati mawili yaliyogusana bila kushikana, mawimbi huyapita kana kwamba yameshikana. Njia ya tatu bado imeandikwa kwenye waraka, na kipimo chake hakijapatikana; wasanifu wanaendelea kutoboa matundu na kuweka ribiti.